Mguu uliovunjika bila kuanguka: picha ya kwanza ilikuwa safi, tukaamini nimerogwa (Nachingwea, 1950)

Wakuu, mimi nimevuka tisini, kwa hiyo shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa. Marahaba.

Juzi nimesoma humu uzi wa kijana anayekimbia mbio ndefu. Mguu unamuuma juu ya wayo, kapigwa picha, picha safi. Sasa wenzake wanamwambia ni mvivu, na shangazi yake anamwambia kuna mtu. Nilitaka kumjibu mistari miwili nikaona haitoshi.

Haya ninayoandika sikusimuliwa. Yalinipata mimi, mguu wa kulia, na mguu wenyewe ninao hapa.

Shule niliishia darasa la pili. Maandishi mengine nimeyaokota ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima. Mkikuta herufi imekaa vibaya, ruka, endelea.

Taabu ilianza mwaka 1950, nina miaka kumi na saba.

Nachingwea ya wakati ule ilikuwa ya karanga. Wazungu wameleta makatapila, msitu unang'olewa mpaka mizizi, kambi zimetawanyika kila upande. Watu walitoka Tunduru, Masasi, ng'ambo ya Ruvuma, wote wanatafuta kazi.

Baba yangu alikuwa amekufa. Mama alikuwa kijijini kwetu, Naipingo. Mwenye neno juu yangu alikuwa mjomba Issa, kaka yake mama, maana kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye watoto. Alinitaka shambani kwake. Nilikataa, nikaenda kambini, na yeye akatangaza mbele ya watu kwamba kijana asiyejua kusoma wala kuendesha gari anakwenda kambini kufanya nini.

Nilikuwa na kitu kimoja tu. Miguu.

Kambi zilikuwa mbali mbali na magari yalikuwa ya wakubwa, kwa hiyo karatasi za ofisi zilipelekwa na matarishi. Matarishi wa mbio tulikuwa wawili. Mimi, na Damasi.

Damasi alikuwa Mmakua, Mkristo, kwao Likunja upande wa Ruangwa. Baba yake ndiye aliyevuka mto kutoka ng'ambo. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mdomo haukupumzika. Mimi aliniita Kobe. Akinipita barabarani anasema, "Kobe, nikupelekee salamu gani huko mbele?" Tulilala chumba kimoja na kula sinia moja. Kwa mbio, alikuwa ananizidi kidogo. Ninaliandika hili leo. Wakati ule nisingelisema hata kwa kuchapwa.

Sasa ikatangazwa siku ya michezo. Mbio za maili sita, wazi kwa wote wa Nachingwea na Ruangwa. Zawadi ya kwanza ni baiskeli.

Wakuu, ninyi mnaona baiskeli ni chuma cha kuegesha ukutani. Kwetu tarishi mwenye baiskeli hakuna wa kumfukuza kazi. Nikaona hii ndiyo ya kumfunga mjomba mdomo.

Nikafanya ujinga ambao hata leo vijana wanaufanya. Nikaongeza mazoezi ghafla. Kazi yenyewe ilikuwa mbio kutwa. Nikaongeza mbio za alfajiri kabla ya kazi, na jioni baada ya kazi. Tena niliacha vijia vya mchanga nilivyozoea, nikakimbia barabara mpya ya greda, iliyoshindiliwa ikawa ngumu kama sakafu. Na maisha yangu yote nimekimbia pekupeku, lakini wiki ile nikaazima raba za Damasi za turubai, soli nyembamba kama chapati. Nikazipenda, sikuzirudisha.

Wiki ya tatu ndipo maumivu yalipoanza.

Yalianza kama masihara. Juu ya wayo, usawa wa kidole cha pili. Nikikimbia yanakuja, nikilala yanaondoka. Nikasema ni uchovu. Baada ya siku chache yanakuja mapema zaidi na kuondoka kwa kuchelewa. Halafu hayaondoki. Ukibonyeza kwa kidole kimoja, mahali padogo kama punje ya hindi, naona nyota mchana.

Na hakuna kidonda. Sikuanguka, sikujikwaa, hakuna aliyenikanyaga. Uvimbe kidogo tu, wa kusema umeng'atwa na mdudu.

Nyapara akasema natega kazi. Nikapelekwa hospitali ya kambi, nikapigwa picha ya mfupa. Daktari Mzungu akaitazama, akasema hakuna kitu, rudi kazini.

Hapo ndipo balaa lenyewe lilipoingia.

Habari zilifika Naipingo, mjomba akaja kambini kwa miguu. Akaniuliza kama nilianguka. Nikasema sikuanguka. Akauliza mashine imeona nini. Nikasema haikuona kitu.

Mjomba akasema maneno ambayo kila mtu kambini aliyaona yana akili: "Kama mashine inayoona mpaka mifupa haioni kitu, basi hicho kitu hakikuwekwa na Mungu."

Msimcheke. Kwa elimu yetu ya siku zile, picha safi ndiyo ilikuwa ushahidi. Picha ikionyesha mfupa umevunjika, hiyo ni ajali. Picha isipoonyesha, ni mtu.

Akauliza raba ni za nani.

Nikataja.

Akauliza kama huyo Damasi naye anakimbia siku ya michezo. Nikasema ndiyo. Hakuuliza tena. Hakuwa na haja.

Ningeweza kumtetea. Ningeweza kusema hizi raba nilizing'ang'ania mwenyewe, na Damasi alizidai mara mbili. Sikusema. Mguu ulikuwa unaniuma, na moyoni, wakuu, niliona afadhali kurogwa kuliko kuwa mvivu, na afadhali kurogwa kuliko kushindwa.

Kambini neno halikai. Jioni ile ile sinia lilipowekwa, Damasi alinawa, akanyoosha mkono, na wenzetu wakaondoa mikono yao mmoja mmoja. Alikula tonge moja peke yake, akanitazama. Mimi nikatazama mguu wangu.

Kwetu mtu unayemshuku uchawi huli chakula chake, wala huli naye. Hakuna hukumu nyingine inayohitajika.

Alivumilia siku nne. Ya tano alikunja mkeka wake akarudi Likunja, kaacha kazi na mbio zake. Raba aliniachia.

Mjomba akanipeleka kwa fundi mmoja, yaani mganga, upande wa Mtua. Fundi alinichanja mguu, akapaka dawa nyeusi, akatoa sharti. Kitu hiki nilikiokota barabarani, kwa hiyo lazima nikirudishe barabarani. Asubuhi saba, nikimbie barabara ile ile, nimevaa raba zile zile, toka mwanzo mpaka mwisho, bila kutamka kwamba naumwa. Nikinyamaza, ubaya utamrudia mwenyewe. Nikilalamika, utabaki kwangu.

Fikirini hapo. Mfupa umepata ufa, dawa yake ni kukimbia juu yake siku saba na kufunga mdomo.

Nilikimbia. Siku ya kwanza nililia kimya kimya. Siku ya pili niliuma kola ya shati. Ya tatu na ya nne sizikumbuki vizuri.

Siku ya tano, karibu na karavati, nilisikia mlio ndani ya mguu. Mdogo tu, kama kijiti kikavu. Nikaenda chini.

Dereva wa greda ndiye aliyeniokota. Akaniweka kwenye mashine yake mpaka hospitali, njia nzima ananituliza kama mtoto na mimi sijibu, maana nilikuwa bado nashika sharti la fundi.

Daktari hakuwepo siku hiyo. Alikuwepo dresa, yaani mfunga vidonda, mzee mmoja Myao akiitwa Athumani. Alikuwa askari wa keya, yaani KAR, jeshi la Waingereza, akapelekwa vitani mpaka Bama, yaani Burma, akarudi na sikio moja halisikii.

Athumani hakuniuliza nani adui yangu. Aliniuliza nakimbia maili ngapi kwa siku, na mwezi uliopita nilikuwa nakimbia ngapi. Nikamhesabia. Akashika mguu wangu, akabonyeza kila mfupa kwa kidole kimoja, polepole, mpaka alipofika pale penyewe. Nikaruka kitandani.

Akasema, "Huu naujua. Huu ni mguu wa kuruta."

Akaeleza kwamba vitani vijana wapya walitembezwa na mizigo siku nyingi mfululizo, na wengine miguu ilivunjika bila risasi wala kuanguka. Maafisa walidhani wanajifanya. Mpaka walipopigwa picha tena baada ya wiki tatu, ndipo mifupa iliposema.

Nikamwambia picha yangu ilikuwa safi.

"Ulipigwa lini?"

"Siku chache tangu uanze kuuma sana."

"Mapema mno," akasema. "Mpini wa jembe unaanza kupasuka ndani. Ukiutazama kwa nje ni mzima. Unalima nao, unalima nao, siku ukikatika unasema jirani kaukata. Mfupa nao unachoka, mwanangu."

Wakuu, nilikuwa nimekaa zaidi ya mwezi na watu wawili kichwani, mvivu na mchawi. Huyu mzee ndiye wa kwanza kuniambia kuna wa tatu, naye ni uchovu.

Picha ya pili ikapigwa. Athumani aliishika dirishani kwenye mwanga, akanionyesha. Mfupa wa pili una mstari mweusi umekatiza, na pembeni yake mfupa umevimba kama pingili ya mwanzi. Akasema ule uvimbe ni mfupa wenyewe ulivyokuwa unajitahidi kujiunga, na mimi kila asubuhi naubomoa.

Nilicheka. Naapa nilicheka mpaka machozi. Wenzangu wodini walidhani maumivu yamenipanda kichwani. Sijawahi kufurahi namna ile maishani, na nilikuwa nafurahia kuvunjika. Mimi si mtegaji. Sikurogwa. Kuna kitu kimevunjika, na kilichovunjika huunganishwa.

Furaha ilidumu mpaka nilipomkumbuka Damasi. Hapo ikaisha.

Mjomba alipokuja, Athumani alimpa ile picha mkononi. Mjomba aliigeuza huku na huku, akapitisha ukucha kwenye ule mstari. Akauliza kama mstari unaweza kuwekwa na mtu. Athumani akamwambia ndiyo, umewekwa na mtu, amelala hapo kitandani, alitaka baiskeli.

Mjomba hakucheka. Akanigeukia, akaniuliza, "Yule kijana alikupa zile raba, au ulizichukua?"

"Nilizichukua, mjomba. Alizidai nikamnyima."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

Akasimama, akanitazama kwa namna ambayo viboko ni afadhali. Akasema, "Pona. Utanipeleka kwao."

Sasa matibabu, maana kijana wa ule uzi ndiye ninayemwandikia hasa.

Nilifungwa plasta ya chokaa toka vidoleni mpaka chini ya goti. Wiki sita. Magongo mawili, mguu haugusi chini. Nyapara, baada ya kuonyeshwa picha, aliona haya akanipa kazi ya kukaa stoo kuhesabu magunia.

Athumani alinikataza tumbaku. Aliniambia nile dagaa wazima na mifupa yake, kunde, mlenda, karanga, na maziwa nikiyapata. Na nikae juani asubuhi. Wengine walisema Myao huyu ana sharti kama fundi wa Mtua. Tofauti ni kwamba sharti lake lilikuwa kupumzika.

Plasta ilipotolewa mguu ulikuwa mwembamba kama wa kuku, ngozi inabanduka. Nikataka kukimbia siku ile ile. Athumani akaninyang'anya gongo moja, akaniachia moja, akasema huu ni wakati wa hatari kuliko ule wa kuvunjika, maana sasa hauumi na wewe ni mjinga.

Alinitengenezea katambuga za tairi la lori, soli nene haikunjiki, ili mguu usipinde mahali palipoungwa. Wiki mbili natembea kuzunguka hospitali tu. Halafu mpaka sokoni na kurudi. Halafu akanipeleka kwenye nguzo za simu barabarani. Natembea nguzo tatu, nakimbia moja. Leo nakimbia, kesho napumzika. Wiki inayofuata natembea mbili, nakimbia moja. Sheria yake moja: kidole kikibonyeza pale pale pakauma, rudi nyuma wiki nzima, hata kama uliona raha.

Mara moja niliificha. Niliumwa nikanyamaza. Aliona tu ninavyoshuka ngazi, akanirudisha nyuma wiki mbili badala ya moja. Akaniambia kunyamaza kwangu kumeshanigharimu vya kutosha.

Siku ya michezo ilipita nimekaa kwenye benchi na magongo. Baiskeli ilichukuliwa na mpishi mmoja tuliyekuwa hatumfikirii kabisa.

Mguu ulipokubali safari, tukaenda Likunja. Lori mpaka Ruangwa, kisha kwa miguu, mjomba mbele na mimi nyuma na raba begani, nimezifua.

Damasi alikuwa anapalilia na mama yake. Alituona toka mbali, akaendelea kulima. Tulipofika akasimamisha jembe.

"Kobe," akasema. "Nimeambiwa ulikuwa unakimbia asubuhi saba ili mimi nife. Nilikuwa nahesabu. Ya tano imepita, ya sita, ya saba, najishika mapigo. Mama amenichinjia kuku wawili wa kuagana."

Sikujua kama anatania. Nadhani na yeye hakujua.

Mjomba akamsalimu mama yake, akasema hakuja kwa maneno mengi. Kijana wake alivunjika mfupa kwa tamaa yake mwenyewe, picha ipo, yeye mwenyewe kaiona. Yeye Issa ndiye aliyemtaja Damasi, na alimtaja kwa uongo, bila kujua ni uongo. Akasema, "Nina njaa, mama."

Mama Damasi alimwangalia. Alielewa. Sisi wote tulielewa.

Alisonga ugali wa mtama, mboga kisamvu. Kwa desturi, mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya mgeni, kuonyesha chakula ni salama. Mama Damasi alinyoosha mkono ili aonje, mjomba akamzuia. Akamega tonge kubwa yeye wa kwanza, kabla ya mtu yeyote, akala. Akamega la pili. Majirani walikuwa wamekuja kuchungulia, na yeye alikaa upande wa nje makusudi, waone.

Alikula mpaka sinia likabaki tupu. Mjomba Issa, ambaye hajawahi kumwomba radhi mtu mbele yangu, siku ile aliomba kwa mdomo uliojaa.

Mimi nilitoa raba. Damasi akazitazama, akasema nimezipanua, sasa zinamfaa bata. Kisha akasema, "Ungesema tu ulizichukua. Neno moja. Ningeshinda baiskeli na ningekupakia nyuma."

Nilimwomba radhi, akanipa jembe akaniambia nimalize mstari. Nikamaliza mstari. Nikapalilia na mwingine.

Mwaka uliofuata tulikimbia wote wawili. Yeye wa kwanza, mimi wa tatu. Zawadi ilikuwa blanketi. Nilivuka kamba mguu hauniumi hata kidogo, nikakaa chini nikaubonyeza pale pale kwa kidole, nikabonyeza kwa nguvu, hakuna kitu. Mfupa tu. Ile raha ya kubonyeza usisikie kitu, aliyeumwa ndiye anayeijua.

Karanga za Wazungu zilikufa, kambi zikafungwa. Mimi na Damasi tukaanza kununua ufuta na korosho vijijini kwa miguu, Naipingo, Mtua, Likunja, yeye upande wa Ruangwa na mimi huku. Tulifanya hivyo miaka mingi mpaka tulipopata gari letu la kwanza. Alifariki mzee, akiwa na wajukuu, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake.

Nilichojifunza nakisema bila kukizungusha.

Picha safi ya mapema haimaanishi mguu mzima. Ukiumwa mahali padogo unapoweza kupaonyesha kwa kidole, na ulikuwa umeongeza mazoezi ghafla, pumzika, na baada ya wiki mbili tatu rudi upigwe tena. Siku hizi wataalamu wanaita stress fracture na wana mashine kali zaidi. Nenda kwao. Usikimbie juu yake ili kumkomoa mtu. Usirudi kwa pupa. Na ukiwa unaumwa, usiruhusu maumivu yako yamtafute mwenye kosa, maana yatampata, na atakuwa yule aliyekuwa karibu.

Leo ninavyo hivi: nyumba ya matofali Naipingo, vyumba sita, bati jipya. Mikorosho ekari kumi na nne. Ufuta ekari tano. Mashine ya kukoboa na kusaga. Pikipiki mbili za wajukuu. Ng'ombe saba. Kisima kimoja, majirani wanachota bure. Na kila asubuhi natembea mpaka mashineni na kurudi, fimbo ni ya kufukuzia mbwa.

Wewe kijana wa ule uzi, njoo hapa useme: unakimbia kilomita ngapi sasa, na mwezi kabla hujaumwa ulikuwa unakimbia ngapi? Na wengine mliopona miguu ya namna hii, semeni mlipumzika wiki ngapi. Nasoma zote, polepole.